Karatasi ya Mangungo na Ramani ya Waarabu

Waumini wenzetu, hapa kwetu Msowero, tarehe 29 Novemba 1884, Chifu Mangungo alitia alama yake kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters. Karatasi hiyo, kwa lugha asiyoisoma, ilisema ametoa nchi yake yote. Februari 1885 Kaisari akaitambua. Na Sultan Barghash wa Unguja alipopinga, zililetwa manowari.

Waarabu nao yaliwafika. Mwaka 1916, Dola ya Uthmaniya ingali vitani, Uingereza na Ufaransa ziligawana kwa siri Sham na Iraq bila kuwauliza wenyeji. Kisha Julai 1922, Shirikisho la Mataifa liliidhinisha Uingereza kuisimamia Tanganyika tarehe 20, na Palestina tarehe 24. Siku nne tu zilitutenganisha. Sisi tulipata uhuru mwaka 1961. Palestina inalia hadi leo.

Siku hizi kila mkataba mbovu huitwa wa Mangungo, nasi wana Msowero huchekwa. Ajabu ni kwamba huchekwa aliyedanganywa, na aliyedanganya akasahauliwa.

Hata hivyo, somo tusilitupe. Suratul-Baqara, aya ya 282, inaamrisha deni liandikwe, mwandishi awe muadilifu na mashahidi wawepo. Basi wazazi, kabla ya kutia dole gumba kwenye karatasi ya shamba, mwiteni kijana wenu aisome kwa sauti mbele ya mashahidi. Msilolielewa, msilitilie dole.