Bwana naye apimwe, kabla ya kuuza kiwanja

Hapa Kolwezi, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, anayepelekwa kwa munganga ni bibi. Anapigwa ekografia, anakunywa majani ya kila namna, na mama mkwe anaanza kunong'ona habari ya bibi wa pili. Bwana anaendelea kushuka katika shimo la kobalti, hakuna anayemuuliza kitu. Kwa familia iliyohamishwa Kasulo, au iliyokimbia vita ikafika mikono mitupu, huko ni kuchoma pesa.

Mara nyingi tatizo liko upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na bibi yake. Nguvu za kitandani si ushahidi. Hata aliyezaa zamani anaweza kuwa na mbegu dhaifu leo.

Kipimo kinaitwa spermogramu. Bwana anakaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, anatoa manii katika kopo safi, yanafika laboratwari ndani ya saa moja. Wanahesabu mbegu na kuangalia umbo lake na namna zinavyoogelea. OMS, katika mwongozo wake wa 2021, imeweka kiwango cha chini kuwa milioni 16 kwa mililita. Jibu likiwa baya, lirudiwe baada ya miezi mitatu hivi: mbegu inachukua karibu miezi miwili na nusu kuiva, na homa kali ya juzi inaweza kuiharibu.

Joto, sigara na risasi vinaiharibu pia. Na vumbi la migodi? Mwaka 2020 wachunguzi wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza uchunguzi juu ya watoto 138 waliozaliwa na kilema Lubumbashi: hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi ya mgodi. Uchunguzi huo haukuhusu ugumba, lakini ulimtazama baba, jambo ambalo familia zetu hazifanyi.

Wengine wanauza kiwanja ili watafute matibabu ng'ambo. Ni kweli, tangu 1992, kwa ufundi uliozaliwa Brussels, munganga anaweza kuchoma mbegu moja tu ndani ya yai. Lakini sindano haitengenezi mbegu iliyoharibika ndani. Mimba inaweza kukataa, au kutoka mapema.

Kwa hiyo munganga anayempokea bibi peke yake asimwandikie dawa bado. Amrudishe nyumbani na karatasi ya kipimo yenye majina mawili.