Safari ya Baharini kwa Mfuko Wetu

 

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, tukiwa tunafunga daftari la michango, baba mmoja wa msikitini kwetu alitufuata akatuonyesha kwenye simu picha ya meli kubwa ya kitalii, ghorofa juu ya ghorofa, na bwawa la kuogelea juu kabisa. Watoto wake wameiona picha hiyo, na tangu hapo hawana mazungumzo mengine. Akauliza mawili kwa pamoja: je, inafaa kuipeleka familia safari ya matembezi tu, na je, mtu wa kipato kama chake ataimudu vipi? Tulimjibu kwa ufupi palepale. Lakini likizo ya Desemba inakaribia, na swali hili si lake peke yake.

La kwanza halitupi taabu. Kuwafurahisha watu wa nyumbani katika mambo ya halali ni jambo la kheri, na nia ikiwa njema lina ujira. Aya ya 67 ya Suratul Furqan inawasifu waja wema kwa kuwa matumizi yao hukaa baina ya ubadhirifu na uchoyo. Wengi wetu tumeshika upande mmoja wa aya hii. Mimbari zinakemea israfu kila wiki, na ni sawa, lakini baba mwenye uwezo anayewanyima watoto wake kila furaha kwa kisingizio cha ucha Mungu naye aya inamhusu.

La pili ndilo refu. Meli za namna ile hupita kwetu. Hutia nanga Zanzibar na Mombasa, na watalii wake tunawaona wakishuka. Lakini bei inayotangazwa kwa kawaida huwa ni ya mtu mmoja, tena kwa hesabu ya watu wawili kulala chumba kimoja. Juu yake kuna ushuru wa bandari, bakshishi ya wahudumu kwa kila siku, vinywaji, matembezi ya nchi kavu, na mara nyingi nauli ya ndege ya kuifuata meli huko inakoanzia. Nyingi zina baa na chumba cha kamari, na nyama yake huijui imechinjwa vipi. Tulimwambia ndugu yetu kwamba, kwa maoni yetu, watoto wake hawaitaki meli ile. Wanaitaka bahari, na kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam bahari iko mlangoni.

Tutasimulia ya kwetu ya mwaka jana, kwa kuwa ndiyo tunayoyajua hesabu zake.

Nyumbani tuko sita: sisi, mama watoto, watoto watatu, na mama yetu mzazi. Mama ana dada yake mkubwa Unguja ambaye walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Mama mkubwa huyo magoti yamemchosha na hawezi tena kuvuka. Kila Idi walikuwa wakilia kwenye simu. Kwa hiyo watoto walipotaka bahari na mama akamtaka dada yake, tuliona safari moja itakidhi yote mawili, na kuunga udugu kukiwa ndani yake.

Tulianza na fedha kabla ya kuzungumzia mahali. Tulikaa jioni moja, watoto wakiwepo, tukasema wazi: tukiweka shilingi 60,000 kila mwezi kwa miezi kumi tutapata 600,000, na mama watoto ataongeza 150,000 za upatu wake. Jumla 750,000, wala hakuna nyingine itakayotoka popote. Binti yetu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyepewa daftari. Watu wengi huwaficha watoto hesabu za nyumba wakidhani wanawalinda. Sisi tuliona kinyume chake. Mtoto aliyeandika mwenyewe kwamba Agosti tuliweka 40,000 badala ya 60,000, kwa sababu paa lilivuja, hakutusumbua tena kuhusu hoteli yenye bwawa.

Nauli ya watu sita, kwenda na kurudi kwa boti iendayo kasi, ilituchukua 300,000, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Watoto hulipa pungufu kulingana na umri, kwa hiyo tembeeni na nakala za vyeti vya kuzaliwa pamoja na vitambulisho vyenu, na tiketi mkakate dirishani kwa wenye boti. Wale vijana wanaokukimbilia pale nje wakikuita "mzee, boti inaondoka" waachieni salamu tu. Tuliondoka tarehe za mwanzo za Desemba, mara tu shule zilipofungwa, kabla ya msongamano wa mwisho wa mwaka ambao hupandisha bei za vyumba Unguja nzima.

Hatukuhitaji chumba, lakini kulala kwa ndugu nako kuna adabu na kuna gharama. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Tukapanga siku tatu. Tulitenga 120,000 kwa zawadi na jiko: mchele wa Mbeya tuliutoa Dar, na tulipofika mama watoto alitangulia sokoni na binti wa mwenyeji akanunua samaki na nazi kabla hajaombwa. Tunasikitika kusema kwamba wako watu wa bara huvuka wakiwa sita, wakala wiki nzima kwa jamaa mwenye kipato kidogo kuliko chao, kisha wakarudi wakisifu jinsi Unguja ilivyo rahisi. Urahisi huo kuna mtu ameulipia.

Zilizobaki zilikwenda hivi: 110,000 usafiri wa kule, 60,000 chakula cha matembezi, 30,000 bajaji za kwenda na kurudi bandarini, 30,000 sadaka, na 100,000 ya dharura iliyofungwa kwenye bahasha peke yake.

Tuliitaja riba tulipokuwa tukipanga, na inabidi tuitaje hapa. Miaka miwili iliyopita jamaa mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ameturuhusu tumsimulie bila jina, aliwapeleka watu wake matembezi ya Idi kwa mkopo wa wale wanaoitwa kausha damu. Picha zilipendeza. Januari alikuja mbele ya kamati yetu kuomba msaada wa sare na madaftari, na tulipomuuliza kwa upole alitwambia kwamba friji imekwenda, na pikipiki iliyokuwa ikimlisha imekwenda. Sisi tuliokaa upande ule wa meza tulishindwa kumtazama usoni. Kosa lake hata halikuwa anasa. Aliona aibu kuwaambia watoto kwamba mwaka huu hakuna. Riba ni haramu hata fedha yake ikinunua jambo la halali, na hili halina mjadala. Lakini tunaomba akina mama nao wawasaidie waume zao kulisema neno hilo "hakuna" bila kudharaulika nyumbani.

Sasa tufike mahali ambapo safari yetu wenyewe nusura iharibike. Wiki mbili kabla ya kuondoka, shemeji yetu mmoja alikuja na habari njema, kama alivyoiita. Kulikuwa na jahazi la mizigo likitoka usiku kwenye bandari bubu, na nahodha alikuwa tayari kutubeba sote sita kwa chini ya nusu ya nauli ya boti. Laki moja na nusu na zaidi ingebaki mfukoni. Tunakiri kwamba tulianza kuipangia kazi laki hiyo. Mama watoto aliuliza kitu kimoja: jaketi za kuokolea maisha ziko ngapi? Shemeji akacheka. Basi mama watoto akasema, "Wanangu si magunia," akaondoka kwenda kuosha vyombo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wenye umri wetu hawakupaswa kuuliza. Tulikuwa vijana usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa na watu kupita kiwango chake. Haikutimia hata mwaka mmoja, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka. Kuna nyumba mpaka leo zina jina la mtu ambaye kaburi lake halijulikani. Na hivyo vilikuwa vyombo vilivyotoka katika bandari rasmi. Tawakkul ya Muislamu huanza kwa kumfunga ngamia. Ukiona chombo kimejazwa mpaka watu wanakalia mizigo, shuka, hata kama nauli hairudi. Fedha ikipungua, punguzeni siku, punguzeni nyama, ahirisheni mwaka, chombo msikipunguze.

Na msimu muutazame. Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi, na mkondo wa Unguja huwa na mawimbi. Wenye watoto wadogo na wazee wataona raha zaidi wakati wa kaskazi. Kaeni ghorofa ya chini, katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo. Tangawizi husaidia, na mifuko ya kutapikia isisahaulike. Mtoto wetu wa mwisho aliitumia miwili.

Kuna mas'ala ambayo wasafiri huikosea. Wengi wakishapanda boti tu huanza kufupisha swala. Masafa ya baharini kutoka Dar es Salaam hadi mjini Unguja ni kilomita 70 na kitu, wakati marhala mbili ambazo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameziweka kuwa kikomo hukadiriwa kuwa kilomita 80 au kuzidi kidogo. Kwa kipimo hicho, anayeishia mjini huswali kamili. Anayekwenda Pemba ndiye asiye na shaka. Wapo wanazuoni wanaotazama ada ya watu katika kuiita safari, kwa hiyo mwenye kutaka ufafanuzi amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka. Sisi tulichagua boti ya asubuhi, tukaswali Alfajiri nyumbani, tukashuka Malindi Adhuhuri ikiwa bado mbali. Tulipopanda tuliwasomesha watoto maneno ya Nabii Nuh (a.s.) yaliyomo katika Surat Hud, aya ya 41, yule wa kati alifurahi sana kujua kwamba yalisemwa chomboni.

Siku ya pili tulikodi gari dogo tukaenda Kizimkazi. Bahari ya huko watoto waliogelea bila kulipa kitu, kisha tukaenda kwenye msikiti wa Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Binti yetu alisimama mbele ya mihrabu akihesabu kwa vidole miaka mingapi imepita. Mama yetu na dada yake hawakuja. Tulipowaaga asubuhi walikuwa wamekaa kitandani wakichambua mchicha, na tuliporudi Magharibi walikuwa palepale, mchicha umeshaliwa, wanasimulia habari za mtu aliyefariki kabla sisi hatujazaliwa. Usiku tulikwenda Forodhani, tukala urojo na mishkaki kwa 27,000 watu wanane. Daftari lilikwenda nasi.

Bahasha ya dharura ilifunguliwa mara moja tu, 40,000 za dawa na daktari, kwa sababu yule wa mwisho alipata homa siku ya tatu. Zilizosalia 60,000 tulirudi nazo, zikawekwa koponi kuwa mwanzo wa safari nyingine.

Mama mkubwa alifariki mwezi wa Rajabu. Allah amrehemu na aifanye pana kaburi yake. Mama yetu hutuomba mara kwa mara simu ili atazame picha moja aliyopigwa na mjukuu, wawili wao na sinia la mchicha, nasi humpa. Kopo limeshafika 310,000. Tukijaaliwa, Desemba hii tutampeleka Pemba, kwa watoto wa marehemu, na watoto wetu wameshaanza kuuliza boti ya huko huondoka saa ngapi.

Wabillahi tawfiq.