Televizyo nzuri ni ile inayomwacha baba alale



Kila mara mshahara ukitoka, tunaona televizyo mpya zinaingia katika kambi: moja nyuma ya pikipiki, nyingine juu ya kichwa cha kijana. Ni zile bapa, nyembamba kama ubao. Watoto wanakimbia nyuma yake wakishangilia. Ni furaha ya haki. Mtu aliyetumika mwezi mzima ana haki ya kutazama mpira na habari pamoja na jamaa yake.

Lakini mtaniuliza: msaidizi wa muganga anatafuta nini katika mambo ya televizyo? Sikilizeni. Asubuhi moja baba mmoja wa posti ya usiku aliletwa kwetu, vidole viwili vimepondwa. Nilipokuwa nikifunga kidonda nilimuuliza: «Baba, jana ulilala saa ngapi?» Akajibu: «Labda saa mbili. Televizyo mpya iko karibu na kitanda, na watoto wako likizo.» Mashini haikuwa na kosa. Hata baba hakuwa mlevi. Alikosa usingizi tu.

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya: mbele ya kuuliza bei, jiuliza televizyo itakaa wapi na itazimwa saa ngapi.

Ukubwa. Wengi wananunua kubwa sababu jirani alinunua kubwa. Hiyo si akili. Chukua mita, pima toka kiti mpaka ukutani. Ukubwa wa televizyo unahesabiwa kwa inchi, toka pembe moja mpaka pembe ya pili inayoikabili, na inchi moja ni sentimita 2,54. Basi televizyo ya inchi 32 ina sentimita 81, ile ya 43 ina 109, ile ya 55 ina karibu 140. Kaa mbali mara moja na nusu mpaka mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Kama kiti chako kiko kwa mita 2, ile ya 32 inatosha, na ile ya 43 inatosha kabisa. Ile ya 55 itachosha macho na shingo, na itakuachia deni. Feza iliyobaki ilipe chandarua na daftari za watoto.

Mahali pa kuiweka. Katikati ya kioo pawe sawa na macho ya mtu aliyekaa, ni kusema karibu mita moja toka chini. Ukiitundika juu sana, shingo itauma. Usiielekeze kwa dirisha, jua litangʼaa juu yake. Usiifunike kitambaa ikiwa inawaka, na acha nafasi ya hewa nyuma na kandokando, maana inatoa joto.

Tena iko hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Televizyo bapa ni nyepesi na miguu yake ni midogo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akivuta, au akipanda droo ya kabati ili aiguse, inamwangukia kichwani pamoja na kabati. Weka televizyo juu ya meza fupi, pana na nzito, miguu yake yote ikae ndani ya meza. Ifunge ukutani kwa mkanda au kwa skrubu. Usiweke kitu cha kuchezea wala peremende juu yake. Kazi hii ni ya nusu saa tu, nayo inaokoa kichwa cha mtoto.

Umeme. Sote tunajua namna umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa nguvu. Nunua regilateri pamoja na televizyo, si kisha kuunguza ya kwanza. Umeme ukikatika, chomoa fishi, ungoje umeme urudi na utulie. Wakati wa mvua, radi ikianza kulia mbali, chomoa fishi na waya wa antena pia. Radi ikiwa imefika juu ya nyumba, umechelewa: usiguse waya tena. Usipande juu ya nyumba na mti wa chuma wa antena karibu na nyaya za umeme. Na fizibli ikiungua, usiweke msumari mahali pake. Prizi ya ampere 10 kwa volti 220 haiwezi kupita wati 2200. Televizyo yenyewe inakula kidogo, lakini resho na pasi zikifungwa pamoja nayo kwa prizi moja, waya utapata moto, na nyumba vilevile.

Macho na masikio. Mama wengi wanauliza kama televizyo inapofusha. Hapana. Inachosha macho, ndiyo. Acha taa ndogo iwake chumbani, na punguza ule mwangaza mkali wa dukani. Lakini mtoto anayesogelea televizyo kila siku, hata ukimfukuza, usimpige. Labda haoni mbali. Mlete tumpime macho, maana mtoto huyo hata ubao wa shule haoni.

Na wewe baba unayetumika kwenye mashini za kuponda mawe: kama bibi yako anasema kila siku «punguza sauti!», usikasirike. Pengine masikio yako yameanza kufa. Makelele ya desibeli 85 muda wa saa nane kila siku yanatosha kuyaharibu, na sikio lililokufa kwa namna hiyo halifufuki. Njoo upimwe, na kazini vaa vizibo vya masikio.

Watoto. Shirika la Afya la Dunia lilitoa shauri mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asitazame televizyo hata kidogo, wa miaka miwili mpaka minne, isipite saa moja kwa siku. Mtoto anakua kwa kucheza na kwa kuongea na mama yake.

Sasa narudi kwa usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba za kulala au zaidi. Wenye elimu wamepima: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anatumika kama mtu aliyekunywa pombe mpaka gramu 0,5 katika litre moja ya damu. Hakuna mkubwa wa kazi atakayemwachia mlevi kamyo ya tani 100. Lakini mwenye usingizi anapita mlangoni na hakuna anayemsikia harufu.

Wengine watasema: «Nyumba yetu ina vyumba viwili tu, tufanye nini?» Jibu ni kupatana. Televizyo ikae sebuleni, hata kama ni padogo, wala si katika chumba cha kulala. Baba akitoka posti ya usiku, televizyo isiwake mpaka saa nane ya mchana. Funika dirisha la chumba kwa pazia nzito, na watoto wacheze inje. Mama ndiye mlinzi wa sheria hiyo. Na baba naye aiheshimu: asikae kutazama mpira wakati wa kulala, kisha aseme ni makelele ya watoto.

Yule baba amepona, lakini kidole kimoja hakikunjiki tena. Televizyo yake sasa iko sebuleni. Ninyi msingoje kidole.

Afadhali kukinga kuliko kuponya!