Kadi ya bima ifuate mavuno

Mwandishi, hapo uliposema katika makala yako kwamba wanakijiji hawajui faida ya bima ya afya, sikubaliani nawe. Wanaijua. Sisi wa Kwaluguru, Handeni, hela tunaishika mahindi yakishauzwa. Februari tunaandaa mashamba na kutafuta mbegu. Mwandikishaji wa bima akipita wakati huo anaondoka mikono mitupu. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa ilianza 2018 kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Mwezi wa nane hiyo inalipika; mwezi wa pili ni mtihani. Halafu kaya zetu zina bibi, wajukuu na watoto wa marehemu kaka. Wa saba na wa nane waende wapi?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imewafikiria wasio na uwezo. Basi majina yao yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, watu wayahakiki, yasipangwe ofisini. Na dawa ziwepo zahanati. Mwenye kadi akiambiwa akanunue dukani, mwakani halipi, na jirani yake naye halipi.