Weka Simu Chini, Nyosha Mkono

Neno la leo: Obadia 1:11-14.

Neno hili ni kali, na nimelileta likiwa kali makusudi.

Ajali ikitokea barabarani siku hizi, kitu cha kwanza kuinuliwa ni simu. Kijana wa bodaboda amelala kwenye lami, damu inamtoka, na watu ishirini wamemzunguka. Mikono yote iko juu, lakini hakuna anayeomba. Wanarekodi. Mmoja anamwambia mwenzake, "Sogea kidogo, sioni uso." Kabla mama yake hajapigiwa simu, picha imeshafika kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, na chini yake mtu ameandika, "Wapendwa, tumwombee."

Hapana. Usimvishe udaku kanzu ya maombi. Mungu anamjua huyo kijana bila picha yako.

Kitabu cha Obadia kina sura moja tu, mistari 21. Kinawahusu Edomu, uzao wa Esau, nduguye Yakobo. Yerusalemu ilipovamiwa, Edomu walikuwa hapo karibu. Sasa soma mashtaka yao kwa utaratibu. La kwanza, walisimama kando. La pili, waliitazama siku ya msiba wa ndugu yao. Halafu wakafurahi. Halafu wakaingia mjini wakanyoosha mikono kwenye mali. Mwisho wakasimama njia panda kuwakata waliokuwa wakikimbia. Umeona mahali safari ilipoanzia? Kwa kusimama na kutazama. Na Mungu akawaambia kwamba siku hiyo walikuwa kama mmoja wa maadui.

Hata kwetu ni hivyo hivyo. Matatu ikipinduka, huyu anarekodi, yule anapekua mifuko ya majeruhi. Anayerekodi anajiona mtakatifu kwa sababu hakuiba. Lakini Obadia anawaweka wote wawili kwenye karatasi moja ya mashtaka.

Mnakumbuka Likoni. Jumapili jioni, tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likaingia baharini, na ndani yake mama na binti yake wa miaka minne. Kenya nzima iliiona video. Miili ilipatikana tarehe 11 Oktoba. Simhukumu aliyekuwa kwenye feri ile. Mkondo ule una kina kirefu, na si kila mtu anaweza kuogelea; kumrukia anayezama bila ujuzi ni kuongeza maiti. Nauliza kuhusu sisi tuliokuwa nchi kavu. Siku zile zote familia ikisubiri ufuoni, sisi tulikuwa tunaisambaza video ile, tunaitazama tena na tena, tunaitumia hata watu ambao hawakuiomba. Kwa faida ya nani? Aliyeshindwa kuokoa ana sababu mbele za Mungu. Aliyesambaza, sababu yake ni gani?

Najua majibu yenu, tuyapime.

"Mchungaji, nilikuwa nahifadhi ushahidi." Sawa. Kamera inaweza kuwa chombo cha haki. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alirekodi njaa kule Korem, Ethiopia. Picha zake zilipoonyeshwa na BBC Oktoba mwaka huo, dunia ilishtuka na misaada ikaanza kumiminika. Kwa hiyo sisemi kila picha ni dhambi. Amin aliwapelekea picha watu wenye uwezo wa kutuma chakula. Wewe ulimpelekea nani? Kama ni ushahidi, piga picha ya namba ya gari lililotoroka, mpe polisi, uifute. Uso wa anayekufa kwenye stetasi yako, na wimbo umewekwa juu yake, si ushahidi wa kitu isipokuwa moyo wako.

"Nikimgusa, polisi watanisumbua." Hofu hiyo ina msingi, siwezi kuidharau. Lakini yule Msamaria wa Luka 10 naye alikuwa na ya kuogopa. Barabara ya Yeriko ilikuwa na wanyang'anyi, na angeweza kukutwa na mtu aliyepigwa nusu kufa juu ya punda wake. Kuhani na Mlawi walipiga hesabu ya hatari wakapita upande wa pili. Yeye alihesabu dinari mbili akalipa. Na tena, anayeogopa kuhusishwa hawezi kuwa yule yule anayesimama dakika kumi akirekodi!

"Kila mtu alikuwa anarekodi." Ndiyo maana hakuna aliyepiga simu ya msaada. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshapiga.

Sasa twende Mwanzo 9. Nuhu amelala uchi hemani. Hamu akaona, akatoka nje kutangaza. Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume ili wasimwone baba yao, wakamfunika. Wana watatu, aibu moja. Mmoja aliibeba habari, wawili waliibeba nguo. Laana ikafuata nyumba ya yule aliyebeba habari. Mpendwa, mtu aliyelala barabarani nguo zimechanika ni baba wa mtu. Leso yako iko wapi?

Fanya hivi. Ile simu mkononi ina kazi: piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, ueleze mahali kwa usahihi. Weka matawi barabarani mbali kidogo ili magari yapunguze mwendo. Damu ikitoka kwa nguvu, chukua kitambaa safi, bonyeza kidonda, usiachilie. Usimvute majeruhi wala kumkunja shingo, isipokuwa kama moto au hatari nyingine inamfuata hapo. Usimpe maji ya kunywa. Waambie watu warudi nyuma apate hewa. Kama huna ujuzi wowote, piga magoti, mshike mkono, muulize jina lake, umwombee sikioni. Hayo ndiyo maombi ninayoyajua mimi.

Na picha ikikufikia, ife kwako. Wasimamizi wa vikundi vyetu vya kanisa, ifuteni bila kuomba radhi. Anayetaka maombi aandike: kuna ajali mahali fulani, tuombe. Yatosha.

Siku ile ya Mathayo 25, Mfalme ataulizia mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa. Hatauliza video yako ilitazamwa na wangapi. Na patakuwa na swali gumu kwa wale waliomwona Yeye akivuja damu pale chini, wakavuta picha karibu ili ionekane vizuri.

Usiandike "Amina" hapa chini leo. Hifadhi hizo namba tatu kwenye simu yako sasa hivi, umfundishe na mtoto wako. Hiyo ndiyo Amina.

Baba, tupe macho yanayoona ndugu, na mikono iliyo miepesi kuliko simu zetu. Katika jina la Yesu.