Ulaya wamemkagua mkaguzi wa ndege zetu. Nyumba zetu je?



Tarehe 3 Juni 2025 Tume ya Ulaya iliziweka kampuni zote za ndege zenye cheti cha Tanzania kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka kwenda nchi za Umoja wa Ulaya. Desemba 2024 walikuwa wameanza na Air Tanzania peke yake. Safari hii wamebeba wote, wakubwa kwa wadogo.

Habari ilipofika kijiweni kwetu hapa Tukuyu, watu waligawanyika pande mbili. Upande wa kwanza ukasema wazungu wanatuonea, wanatuonea wivu kwa sababu tumenunua ndege zetu. Upande wa pili, na kiukweli wengi wao ni watu wetu wa chama, ukaanza kucheka. Ukaanza kutuma vichekesho kwenye magrupu: "Mlipokea ndege kwa ngoma, sasa zirudisheni kwa ngoma."

Mimi sikucheka. Nitawaeleza kwa nini, na mwishoni nitakiri jambo moja langu binafsi.

Kwanza tujue Ulaya walisema nini hasa. Hawakusema kwamba ndege fulani ya Tanzania ina kasoro na itaanguka kesho. Walimsema mkaguzi, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Walisema kuna uhaba wa wataalamu wenye sifa, na usimamizi wa safari za ndege na wa ubora wa ndege zenyewe ni dhaifu. Kwa lugha ya kijiweni: ndege unayo, sheria unayo, lakini mtu wa kufungua paneli, kuchungulia ndani na kusema "hii hairuki" hatoshi au hasikilizwi.

Kuna msomaji atauliza, kuchungulia nini humo ndani? Jibu moja ni waya. Ndege kubwa ya abiria ina waya za umeme za urefu wa kilomita nyingi, zimepita kwenye dari, chini ya sakafu, mpaka ndani ya mabawa. Na waya umeshaua watu wengi.

Julai 1996 ndege ya TWA 800 ililipuka ikitoka New York, watu 230 wakafa. Wachunguzi wa Marekani walifikia hitimisho kwamba tangi la mafuta lililipuka, na chanzo kinachowezekana zaidi ni shoti ya waya nje ya tangi iliyopeleka umeme mkubwa ndani yake. Septemba 1998 ikawa zamu ya Swissair 111, New York kwenda Geneva. Marubani walinusa harufu ya moshi. Kama dakika 21 baadaye ndege ilikuwa imeingia baharini karibu na Kanada, watu 229 wamekufa wote. Wachunguzi walitumia zaidi ya miaka minne kuokota vipande. Wakakuta dalili za cheche kwenye waya wa mfumo wa burudani, ule wa kuonyeshea sinema abiria. Yaelekea cheche ya waya ndiyo iliyowasha matandiko ya kuzuia baridi na kelele yaliyokuwa juu ya dari.

Fikiria hilo. Waya wa sinema.

Baada ya vifo hivyo wenzetu walibadilisha namna ya kufikiri. Mwaka 2007 Marekani ilitoa kanuni zinazoutambua waya kama mfumo kamili wa ndege, wenye hadhi sawa na injini. Zamani waya ulihesabiwa kama kamba tu ya kuunganisha vitu vya maana. Sasa waya lazima uwe na alama ya kuutambulisha. Lazima ushikiliwe na vibanio usisuguane na chuma. Lazima ukae mbali na mabomba ya mafuta. Fundi akitoboa bati karibu na waya, lazima asafishe vumbi la chuma, kwa sababu vumbi lile likikaa juu ya waya uliochunika linaleta shoti. Na sakiti breka ikiruka, huirudishi hovyo hovyo. Unajiuliza kwanza kwa nini imeruka.

Hata hivyo makosa hayaishi. Mfano uko hapa jirani. Januari 2013 ndege zote za Boeing 787 duniani zilizuiwa kuruka kwa sababu ya betri zilizoungua. Zilipofunguliwa, Ethiopian ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurudi angani na abiria, Aprili 27, kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Julai 12 mwaka huohuo, 787 ya Ethiopian ikashika moto pale Heathrow, London. Ilikuwa imeegeshwa, haina mtu ndani. Chanzo? Ndani ya kifaa kidogo cha kutoa ishara ya dharura kulikuwa na waya mbili za betri zilizobanwa na mfuniko wakati wa kufunga. Waya kubanwa na mfuniko! Kosa ambalo fundi wa redio wa hapa stendi angeliona akiwa na tochi.

Tazama sasa kilichofuata. Waingereza walichunguza mpaka wakaupata ule waya uliobanwa, wakatoa ripoti, dunia nzima ikaisoma. Ndani ya mwezi uleule mamlaka ya Marekani ikaamuru vifaa vile vikaguliwe au vitolewe kwenye 787 zao. Hakuna aliyesema "ni mapenzi ya Mungu". Hakuna aliyeunda tume ikapotea na ripoti yake.

Na sisi 787 tunazo. Ya kwanza ilipokelewa Dar es Salaam Julai 2018 na Rais Magufuli mwenyewe, mnakumbuka shangwe ile. Sina ugomvi na ununuzi. Mzee wa hapa Rungwe mwenye mgonjwa wa kupeleka Dar anajua thamani ya kwenda Uyole, kupita Mbeya mjini mpaka uwanja wa Songwe, akafika siku hiyohiyo, badala ya kukaa kwenye basi kutwa nzima. Ndege ni haki yetu. Ugomvi wangu uko hapa: mwenye ndege ni serikali, kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Anayezirusha ni kampuni ya serikali. Anayezikagua ni mamlaka ya serikali. Sasa mkaguzi akikuta waya umechunika kwenye ndege ambayo wiki iliyopita mkubwa alipiga nayo picha, ana ubavu wa kusema hairuki?

Sisemi amewahi kunyamazishwa. Nasema mfumo umejengwa kiasi kwamba akinyamazishwa, mimi na wewe hatutajua. Tulichojua tumekijua kwa sababu watu wa nje walikuja na orodha yao ya maswali wakamkagua mkaguzi. Aibu kwa nchi, ndiyo. Lakini bila aibu hiyo tungekuwa bado tunapiga makofi.

Ndiyo maana sikucheka, makamanda. Anayepanda ndege hizo ni mama yako akienda Muhimbili. Ni mfanyabiashara wa parachichi akitafuta soko. Ukicheka, unajicheka.

Sasa nikiri.

Kabla sijaanza kuandika humu, nilikuwa msaidizi wa fundi umeme hapa Tukuyu. Tulipewa kazi ya vyumba sita vya kupanga nje kidogo ya mji. Mwenye nyumba alitaka bei ya chini. Kwa hiyo kwenye soketi, pale panapotakiwa waya wa milimita 2.5, tukapitisha wa 1.5, ule wa taa. Maungio tuliyafanya darini kwa kusokota na kufunga tepu. Waya wa ardhi tuliufikisha kwenye boksi la breka, lakini nje hatukuchimbia fimbo, tukaukata ukaning'inia. Kisha ikatakiwa fomu ya mkandarasi mwenye leseni ili umeme uunganishwe. Mkandarasi mmoja, jina naliacha, akagonga muhuri kwa malipo ya chai. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Mimi ndiye niliyempelekea karatasi. Mimi ndiye niliyerudi nayo. Nilijua kila kilichokuwa darini, nikachukua posho yangu nikakaa kimya.

Mnaijua mvua ya Tukuyu. Unyevu unaingia kila mahali, bati linavuja, maungio yanapata kutu. Na mnaijua baridi yetu: kila chumba kina hita ya kuchemshia maji, asubuhi wote wanachomeka kwa pamoja. Waya mwembamba unapata moto polepole, na breka kubwa uliyowekewa hairuki, kwa sababu yenyewe inaona mzigo ni wa kawaida. Waya unaungua kabla breka haijashtuka. Msimu wa pili wa mvua, chumba kimoja kiliwaka darini. Alikuwemo dada mshonaji. Yeye na mtoto walitoka salama, namshukuru Mungu kila siku. Cherehani na vitambaa vya wateja viliteketea. Majirani walizima kwa ndoo. Watu wakasema "ni shoti ya umeme", wakaenda makwao. Shoti ikawa kama radi, haina mwenyewe.

Ilikuwa na mwenyewe. Nilikuwa mimi, fundi wangu, mwenye nyumba na mwenye muhuri. Hakuna aliyetuuliza kitu hadi leo.

Hapo ndipo ninapoona kwamba TCAA na dari ya yule dada ni hadithi moja. Sheria zipo. EWURA ndiyo inayotoa leseni za mafundi wa kufunga umeme. TANESCO ndiyo inayounganisha. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo tangu 2007, inatoa nguvu ya kukagua majengo. Kwenye karatasi tumekamilika kabisa. Kinachokosekana ni mtu anayepanda ngazi, anayefungua dari, halafu anaandika jina lake chini ya alichokiona. Tofauti ni kwamba angani kuna Ulaya wa kuuliza. Huku chini hakuna mgeni atakayekuja kukagua vyumba vya kupanga vya Tukuyu. Sisi wenyewe ndio Ulaya wetu.

Kwa hiyo nawaomba vijana wenzangu tuyabebe mambo manne, na tuyabebe bila matusi.

Moja, serikali iweke wazi mpango wake wa kurekebisha yale yaliyomkuta TCAA: nini kilikutwa, nani anarekebisha, kwa tarehe gani. Wabunge wajadili hadharani. Na mkaguzi wa ndege alindwe kisheria, asitegemee huruma ya mwenye ndege.

Mbili, kama tatizo ni uhaba wa wataalamu, waajiriwe. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege. VETA inafundisha mafundi umeme kila mwaka. Nchi yenye vijana wenye vyeti wanaoendesha bodaboda haiwezi kulalamika kwamba wakaguzi hawapo.

Tatu, hapa Rungwe, tuiombe halmashauri ianze na mabweni ya shule, soko na nyumba za wageni. Karatasi moja ibandikwe mlangoni: nani alifunga umeme, leseni yake namba ngapi, mara ya mwisho ulikaguliwa lini, na nani. Hilo halihitaji mabilioni. Tumuulize diwani kwenye mkutano wa hadhara, na jibu lake tuliandike humu.

Nne, linatuhusu sisi. Mafundi tuliomo humu tuache kununua mihuri. Wapangaji, breka ikiruka mara mbili usiifunge kwa waya, zima, ita fundi mwenye leseni. Ukiona moshi, toa watu kwanza, kisha piga 114. Chama kinachotaka kuikagua serikali kianze na vijana wake wanaokubali kukaguliwa.

Yule dada nilimtafuta mwaka jana, nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na vile vyumba vingine vitano, kaka, mlivirekebisha?"

Hatukuwa tumevirekebisha. Wiki iliyofuata nilienda na fundi mwenye leseni, kwa pesa yangu, tukapanda dari ya vyumba vile na tukachimbia ile fimbo ya ardhi. Vimebaki vingapi Tukuyu hii vilivyofungwa kama vile, sijui. Ndiyo maana nataka ile karatasi mlangoni.

Tukutane kwenye mkutano wa diwani.