Pimeni Betri, Si Umri

Anayewaonya wakazi wa Msasani wasiguse laptop iliyotumika, eti betri yake imeshakufa, anawaonea wenye kipato kidogo. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina betri ya ndani ya Wh 24, na ya nyuma huchomolewa na kubadilishwa bila fundi. Ipo hadi ya Wh 72. Ikiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, inakubali Windows 11. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 bado tunaukumbuka, na umeme ukikatika betri ndiyo tegemeo, kwa hiyo ushauri wa jumla hautoshi: pima betri yenyewe. Dukani Kariakoo, andika amri ya Windows, powercfg /batteryreport, kisha kwenye ripoti yake linganisha ujazo wa kiwandani na uliobaki. Muuzaji akikukatalia, ondoka.